Sentimita Moja

Bomba la maabara limekauka tangu Jumatatu,
kwa hiyo Nyaboke kaleta mtungi wa lita ishirini
kutoka Kangemi, begani, shilingi hamsini,
tupate kuchekecha tope.

Tope lenyewe lilitoka Magadi, ndani ya neli,
mita tatu zilizopasuliwa katikati kama muhogo.
Nalisoma kutoka chini kwenda juu,
maana ardhi huandika hivyo:
udongo wa kijani, ziwa lilipokuwa ziwa;
jivu la volkano, jembamba kama ukoko;
kisha weupe wa chumvi, mkavu,
sentimita moja tu.

"Hiyo ni miaka mingapi?" Nyaboke auliza.
Labda mia. Labda mia mbili.
Watu walizaliwa humo, wakazeeka,
wakafa wakidhani hivyo ndivyo dunia ilivyo.

Chini ya hadubini, chembe ya mkaa.
Moto wa nyika, au wa mtu aliyechoma mzizi?
Chembe haisemi, nami sitaisemea.
Naandika: mkaa, chembe moja. Alama ya kuuliza.

Juu ya chumvi, mstari wa kijani tena.
Mvua ilirudi. Nani alikuwapo kuipokea,
tope halina jina lake.

Jioni twamwagia maua ya chunguni maji machafu.
Nyaboke anafungua bomba, kwa mazoea.
Linakoroma, linatema kutu,
linanyamaza.
Analiacha wazi.