Arubaini

Niliwaambia: nendeni majumbani,
mkamuulize mtu mzima mmoja
kazi ya mikono aliyoifanya alipokuwa na nguvu zake.
Kurasa tano. Ijumaa, kabla ya sala.

Ijumaa zikaja karatasi arubaini na moja,
na katika arubaini
nikakuta bibi mmoja.

Jina lake, mara nyingi, ni Bi Asha.
Umri sitini na mitano; mahali pamoja, sitini na saba.
Anakaa "katika kijiji tulivu kisiwani Pemba."
Anasuka mkeka huku akitabasamu.
Anasema maisha ya zamani yalikuwa magumu ila yenye upendo,
na kwamba vijana wanapaswa kuuenzi urithi wao.
Kisha hitimisho.

Hakohoi, huyu Bi Asha.
Hamuulizi mtoto: weye wa nani, wa upande gani wa Kiuyu?
Hanyanyuki katikati ya neno kufukuza kuku kwenye muhogo.
Sentensi zake zimejipanga kama darasa la kwanza
siku anayokuja mgeni:
soksi nyeupe, hakuna mwenye tope.

Nikajua. Nani asiyejua?
Za mwizi arubaini, na mie nimezishika mkononi
zimebanwa kwa pini.

Ya arubaini na moja ni ya Shaame Faki.
Nusu ukurasa, kwa mkono, na doa la mafuta.

"Bibi amekataa. Kasema kachote maji kwanza.
Nimechota siku tatu. Siku ya nne kaniuliza,
hiyo simu yako inasikia?
Nikamwambia inasikia.
Kasema iweke nje.
Mengine nimeyasahau,
ila kanambia chane za ukindu zikianikwa sana hukatika,
zikianikwa kidogo hufanya ukungu,
na mkono ndio unaojua,
na wake siku hizi haujui, kwa ajili ya ganzi."

Basi. Hana hitimisho.

Nikauvuta mwongozo wa kusahihishia.
Utangulizi, tano. Mtiririko, kumi.
Ufasaha wa lugha, kumi. Marejeo, tano.
Bi Asha anapata ishirini na sita.
Shaame anapata tisa.

Na huo mwongozo
(niseme, maana usiku huu hakuna anayenisikia
ila feni)
huo mwongozo sikuutunga mie.
Jumanne umeme ulikatika Chake nzima,
simu imebaki asilimia kumi na moja,
nikaiuliza akili unde,
na funda la chai halijashuka kooni
ishanichorea jedwali.
Likanipendeza. Nikaishukuru.
Nikaandika jina langu chini.

Mashine imeuliza, mashine imejibu,
na katikati tupo mie na watoto wa watu
tunapokezana karatasi
kama mahamali wa gati ya Mkoani.

Jumatatu darasani nikaanza na Salhina Mcha,
maana yake ndiyo iliyonyooka kupita zote.
"Huyu Bi Asha wako anakaa wapi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, bibi yangu mie alikuwa Time binti Kombo.
Arubaini yake tumeisoma Alhamisi.
Kazi uliitaka Ijumaa.
Sikuwa na wa kumuuliza.
Nikauliza pale.
Huyu akanijibu."

Nikalitazama jedwali langu
juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia.
Hakuna kisanduku.

Nyuma kabisa Shaame kanyanyua mkono,
kiganja bado kina lengelenge la mpini wa ndoo:
"Wangu yupo. Lakini hapendi watu.
Aendaye aende na maji."

Jumamosi, nasikia, Salhina kashuka gari Kiuyu
na dumu la lita ishirini.
Simu kaiacha kwa mwenye duka.

Alama bado sijaingiza.
Ofisi ya mitihani wamenipigia mara mbili.