Mkanda wa Kushoto

Kifurushi kimefika Jumanne, chepesi
kama barua ya mtu asiye na habari.
Ndani yake mfuko, na ndani ya mfuko
chumba cha rubani kizima, rangi ya jivu la sigara,
kila kipande kingali juu ya kisigino chake cha resini
kama jino juu ya ufizi.

Nayajua mambo haya. Miaka thelathini na mmoja
nimewamiminia meno watu wa Pardubice,
magego ya makarani, chonge za wapiga tarumbeta;
hadi leo sokoni namtambua mtu kwa kicheko.
Kwa hiyo usinifundishe kalibu,
wala kiputo cha hewa kinavyojibanza konani.

Boksi lenyewe lilikuwa la Ctibor, kaka yangu:
ndege ya mafunzo, ile waliyoiita Pomboo,
moja kwa arobaini na nane.
Alikata bawa la kulia tu, kisha hospitali.
Kiti kilichokuja nayo kilikuwa kigoda,
ubao wa kukalia, ubao wa kuegemea, basi.
“Hapa hata kuku hakai,” alisema,
yeye aliyefunga viti vya kweli miaka kumi na tisa.

Nikaagiza hivi. Bei imeipita ndege yenyewe.
Libuše wa ghorofa ya chini akauliza nani kaniroga.

Msumeno mwembamba, beseni, barakoa.
Nakata majini, kwa kuwa vumbi la resini
haliingii kifuani likatoka.
Maji yanageuka maziwa.
Gundi ya kawaida hapa haina kazi:
plastiki huyeyuka ikakumbatiana na plastiki,
resini hukaa pembeni kama mkwe mgeni.
Inataka ile kali, tone kwenye ncha ya sindano,
na mkono usiobadili nia.

Kisha hakiingii.
Bila shaka hakiingii.
Nakwangua kuta za ndege kwa ndani, jioni tatu,
naziinua kwenye taa: kwanza giza, halafu kahawia,
halafu kivuli cha kidole changu upande wa pili.
Hapo ndipo pa kuacha.
Ctibor hakuwahi kujua pa kuacha.

Wenzo wa mafuta, mdogo kuliko punje ya mchele,
ukaruka kutoka kwenye kibanio.
Mtaka cha mvunguni, basi: nikainama
na magoti yangu ya miaka sabini na miwili,
nikaokota kifungo, pini, punje ya mchele kweli.
Wenzo niliukuta kesho yake, ndani ya slipa.

Kiti cha mbele kina mikanda, imemiminwa pamoja nacho.
Wa kulia umelala. Wa kushoto unaning’inia nje,
kana kwamba mtu katoka mbio.
Aliyechonga alitaka uhai uonekane.
Lakini Ctibor alinieleza, si mara moja, akinywa supu:
mkanda hauachwi nje.
Unalaza wa kushoto, wa kulia juu yake,
kijana akipanda mkono uukute bila macho.
Wengi walikuwa na miaka ishirini.
Wengine walitetemeka, naye alijifanya anafuta kioo.

Nikachemsha maji ya chai.
Resini nyembamba ikionja moto husahau ilivyozaliwa,
kwa pumzi mbili, tatu hivi.
Nikakizamisha kiti, nikausukuma mkanda kwa kijiti cha meno,
ukapinda nusu,
ukakatika.
Nilitukana kwa sauti. Libuše akagonga bomba.

Nimeuunga. Umelala panapostahili,
na palipokatika pana mshono ambao rangi haikuuficha.
Ndege imefungwa, kioo kimekaa.
Ukiinama sana unaona kichwa cha kiti,
giza, labda nukta nyekundu.
Mkanda hauonekani.
Nilijua hautaonekana tangu ile jioni ya kwanza ya kukwangua.

Yale maji niliyamwaga,
nikachemsha mengine, ya chai.