Kabla Sijakupa Ufunguo

Duka ni lako kuanzia kesho, Ngumbao.
Chaja zako zitaning'inia pale palipokuwa na mapanga na bastola,
na mimi sina kinyongo: kodi ni kodi,
diski haziliwi.
Lakini keti kidogo. Si hicho, kina mguu mbovu.
Kuna kikapu kimoja sijakiuza.

Najua wewe ni mtu wa magari yanayopaa.
Miaka tisa umekodi kwangu, shilingi ishirini kwa usiku,
na kila uliyorudisha ilikuwa na jengo linaloanguka
na mwanamume mmoja aliyegoma kufa.
Sikukukataza. Mteja hafundishwi ladha.
Leo si mteja.

Chukua hii. Ya Jojia,
nchi iko huko milimani, usiniulize zaidi.
Bibi anahamisha mlango.
Mlango tu; nyumba ilishabomoka.
Anaubeba mgongoni siku nne,
na kila anapopumzika anausimamisha njiani,
anabisha hodi,
anangoja.
Saa moja na nusu, hata risasi moja.
Niliizima mara mbili.
Mara ya tatu nikaukumbuka mlango wa mama, pale Shela,
ule wa nakshi, ulionunuliwa na mtu wa hoteli.
Sasa umelazwa, umewekewa kioo,
watu wanaulia kamba.

Hii ya Wajapani.
Mpishi wa shule kahesabu vijiko, kimoja hakipo.
Basi. Hiyo ndiyo hadithi.
Usicheke, mtazame vidole akirudia kuhesabu,
akirudia,
mpaka ujiulize kama ni kijiko kweli.

Na hii ni ya weusi wenzetu, ya Senegali:
kinyozi amemnyoa waziri nusu kichwa
halafu kakumbuka deni la zamani.
Hapa Malindi nzima ilikodiwa mara mbili,
na mwalimu Mwambire,
kisha na mwalimu Mwambire tena.

Ngoja. Iko wapi...
Hii hapa, isiyo na jalada.
Aliiacha Mtaliano mmoja wa Casuarina
alipoondoka usiku bila kuaga, na deni la maziwa juu.
Haina maandishi ya chini,
na Kitaliano changu ni cha ufukweni:
karibu, bei gani, kesho.
Lakini wanawake wa Barani walitaka kujua,
nami nikawasimulia nilivyoona:
"Huyu mama kafiwa. Hizo karatasi ni barua za marehemu.
Tazama anavyozikunja."
Wakalia, Ngumbao! Bi Tima alilowesha leso mbili,
wiki iliyofuata akamleta dadake kutoka Mambrui, naye alie.

Miaka ikapita. Siku moja akaingia kijana wa aiskrimu,
aliyesoma kwao miaka sita,
akasimama papo hapo mlangoni, akaangua kicheko:
"Mama, huyu anauza nyumba tu.
Hizo ni bili za maji."

Bili za maji.

Nikanyamaza. Nikampa chenji yake.
Usiku nikaitazama peke yangu, nikijua sasa.
Zile karatasi, vile vidole, lile dirisha,
hakuna kilichobadilika.
Maana na mimi, Ngumbao, bili yangu ya maji
bado huja kwa jina la Shali,
mwaka wa saba huu,
na sijaenda ofisini kwao kuwaambia.

Basi chukua kikapu. Sikuuzii, sikukodishi.
Ukitazama moja ukaichukia, njoo tugombane,
nipo nyumbani, sina tena pa kufungua asubuhi.
Ukizipenda, usimwambie mtu ni nzuri.
Mwambie tu: kuna bibi ana mlango.

Kufuli lina ukaidi, lisukume juu kwanza.
Na ile ya Jojia imekwaruzika,
hukwama dakika ya arobaini, pale anapobisha.
Usiipige kofi mashine.
Ngoja naye.