Mkono Begani

Picha ameikata kwenye harusi ya dada yake;
mkono wa shemeji ungali begani mwake.
Grażyna, hiyo hatutumi.
Anacheka. Nje, theluji ya Łódź inageuka tope.

Kurasa nne za mwandiko wake! Shule ya msingi,
medali ya kuogelea, kuchuma uyoga msituni,
na barua pepe ya ujana: malkia wa disko.
Nafyeka. "Mchapakazi, mwenye kujituma" –
nani aliyewahi kuandika kwamba ni mvivu?
Weka kola: mia mbili kwa zamu,
wala haikurudi hata moja.

Tukafika kwenye pengo. Miaka mitatu, mitupu.
Alitaka tuvute tarehe, kiwanda kimeze msiba.
Hapana. Andika: nilimuuguza mama.
Kalamu ikakaa juu ya karatasi
kama sindano iliyochomoka uzi.

Nikachapa ukurasa mmoja, safi.
Viwanda tisa.

Wiki ya tatu, kimya. Leo nimeirudia namba yake ya simu:
ile moja yake yenye kilemba
mimi, fundi wa makosa ya watu,
niliisoma saba.
Mahali fulani mjini humu
mtu asiyejua kushona
anabembelezwa aje kazini.