Maili Tisini na Tisa

Mlango wa friji tumeufunga kwa mpira wa baiskeli,
komeo lilivunjika Oregon
nawe ukasema, nitalitengeneza tukifika.
Tukifika. Mwaka huu, Verlyn, kila kitu ni tukifika:
bomba linalovuja chini ya sinki,
jino lako la nyuma,
simu ya Karlene ambayo hatujaijibu,
na ile barua ya daktari wa macho
uliyoikunja ukaificha katika kitabu cha ramani,
ukurasa wa Nebraska, tusikopita.

Bahari tuliiacha Jumanne asubuhi.
Uliingia majini hadi magotini, suruali umeikunja,
ukasema baridi hii ni ya mwenyeji asiyetaka wageni.
Mchanga bado umo kwenye shuka.
Nimeikung'uta mara tatu. Umo.

Idaho, kwenye kituo cha dizeli,
uliizunguka nyumba yetu ya magurudumu mara moja,
ukalipiga teke tairi la nyuma, kama kawaida,
kisha ukaja upande wangu badala ya wako
na kuniwekea funguo kiganjani
kama mtu anayerudisha chenji.
Sikuuliza. Nilikivuta kiti mbele.
Miaka kumi na minane hakijasogezwa;
kililia kutu yote.

Mbele kidogo, kibao:
kona, maili tisini na tisa zijazo.
Ukakisoma kwa sauti: "Kona, maili tisa."
Nikasema, ndiyo. Tisa.

Tukapanda, mto ukishuka upande wako.
Vikombe viligongana kabatini,
magari saba yakatufuata polepole kama msiba.
Ulinisomea kila kibao:
mawe, daraja jembamba, kulungu.
Uliona kulungu pasipo na kulungu,
na alipokuwepo kweli, ukingoni, na mwanawe,
masikio yao yamesimama,
wewe ulikuwa umeinama unatafuta miwani.
Sikusema. Nilipunguza tu mwendo
ukadhani ni kona.

Maili ya tisa ikapita. Ya arobaini.
"Ndefu hizi tisa," ukasema,
ukanimenyea yai la kuchemsha
na kulitia chumvi bila kumwaga hata punje.

Montana ilikuwa moshi mtupu.
Msitu fulani uliungua, hatukujua wapi,
jua likawa rangi ya karoti iliyopikwa kupita kiasi.
Sikuona milima, sikuona ng'ombe,
mstari mweupe wa barabara nikiubahatisha.
Ukanigeukia: "Leo basi tumelingana, Ardis."
Nilicheka hadi ikabidi niegeshe.
Tulikaa pale kando, injini imezimwa,
malori yakipita na kututikisa,
na kwa mara ya kwanza ukalitaja lile neno
alilolitumia daktari,
ukalitamka vibaya, ukarudia, ukaacha.

Dakota. Kwetu sasa.
Alizeti zimekauka shambani, vichwa chini,
kama darasa lililoulizwa swali gumu.
Bata bukini wameshaanza safari yao,
wao wanakwenda tunakotamani, sisi tunarudi.

Tulifika saa tatu usiku.
Haugen amekata nyasi zetu,
ameacha ndoo ya nyanya mlangoni, tatu zimepasuka.
Nyumba ilinuka kufungwa.
Nikapapasa ukutani nikitafuta swichi
na kugonga goti kwenye kochi langu mwenyewe,
lakini wewe ulishapita gizani,
ukauzunguka ukingo wa meza, ukaruka ubao unaolia,
ukafika jikoni, nikasikia maji yakiingia birikani.

Hata hivyo tukarudi nje kulala.
Hakuna aliyependekeza. Tulichukua tu nyanya na chumvi
tukapanda vile vidato viwili.
Umelala upande wako, kwenye mchanga wako.
"Kesho nitalitengeneza lile komeo."
Kesho, nikasema.

Mpira nilikuwa nimeshaufungua.
Usiku mlango wa friji ukaachia wenyewe, taratibu,
taa yake ndogo ikatuangukia miguuni,
na hakuna aliyeinuka kuufunga.