Gunia la Uzi Mwekundu

Sisi wa Kikondo tunajua kuibiwa kwa kipimo kikubwa.
Tunaijua lumbesa: gunia linavishwa kilemba,
linashonwa juu ya shingo, linapakiwa kwenye fuso
huku dalali akisema, "Mama, hilo ni gunia moja."
Moja, lenye mimba ya madebe mawili.

Kwa hiyo alipokuja Anyosisye na kichupa chake
akasema kazi yake ni kipimo kidogo,
nilikaa kitako nimsikilize.
Kidogo kitaniibia nini?

Aling'oa unywele mmoja kichwani kwake,
akaunyoosha juani.
"Mama Tumpe, upasue huu kwa upana
mara elfu themanini.
Kipande kimoja tu, hiyo ndiyo nano."
Nikamwambia kisu changu ni cha kumenyea viazi.
Tukacheka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni,
na nyuma ya ukungu wa hewa huja ukungu wa majani;
mwaka jana ulihitaji siku nne tu
shamba zima likanuka kama mtungi uliosahauliwa.

"Ni shaba," akasema, "imesagwa
mpaka ikasahau kuwa ni shaba.
Kijiko badala ya ndoo.
Inamngoja adui pale pale mlangoni pa jani."

Nilinyunyiza matuta matatu.

Februari mvua ikaja bila adabu.
Kwa Mwashilindi ugonjwa uliingia Jumatatu,
Alhamisi mashina yamesimama meusi
kama njiti za kiberiti zilizomaliza kazi.
Kwangu pia, tuta kwa tuta,
mpaka ukafika kwenye yale matatu
ukasimama.
Nasema kweli, nililia, na si kwa huzuni.
Nilihesabu ada ya Tumpe, nikahesabu bati,
deni la mbolea nikalifuta kwa kidole hewani.

Lakini mkulima ni mtu wa kufukua.
Viazi vilitoka vizito, havina doa.
Nikatafuta nyungunyungu.
Kwingine walijikunja chini ya jembe kama siku zote.
Kwenye yale matatu nilimpata mmoja.
Labda ni mvua. Labda ni siku mbaya ya nyungunyungu.
Mimi si maabara.

Nikampigia Anyosisye:
ile shaba ikishamaliza vita, inarudi kambi gani?
Inalala kwenye jani, inashuka kwenye kiazi,
au inaingia kijito hiki kinachoteremka hadi Usangu
kwenye mpunga wa watu wasionijua?
Na kitu kilichopita mlango wa jani
kitashindwa na utumbo wa mtoto?
Kimya. Nikasikia pikipiki yake ikiunguruma.
"Mama, wataalamu bado wanapima."
Basi andikeni hivyo kwenye kichupa:
Bado tunapima. Kwa Kiswahili,
kwa herufi zisizonidai miwani.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Haba isiyoonekana
inajaza kibaba cha nani,
hilo hatukufundishwa.

Kichupa sikukitupa. Nani hutupa ngao
mishale ikiwa bado inaruka?
Kipo darini, nyuma ya mbegu, ndani ya kitambaa.
Viazi vya matuta matatu nilivitia gunia lao peke yao,
bila kilemba,
nikalishona kwa uzi mwekundu.
Dalali akauliza, uzi huu wa nini?
Nikamweleza nilichokiona, na nisichokijua.
Akatazama saa.
"Mjini hakuna anayesoma uzi, mama."
Akalirusha juu ya mengine.

Jioni nilichemsha sufuria ya vile vilivyobaki.
Nikamenya kimoja kingali cha moto, nikakipuliza.
Tumpe akanyoosha mkono.
Nikamwambia, subiri, mwanangu.
Leo mama anatangulia.