Kifua Kichwani

Niliukuta uvimbe nikimnyoa, Jumamosi,
wembe mpya, sabuni ya mche,
ukungu wa Isongole umeketi mlangoni kama mgeni asiyeaga.
Juu ya sikio la kushoto, laini,
yai la kuchemsha lililomenywa.
Halikuwa na joto. Nilibonyeza, Ambwene hakulia,
aliendelea kuhesabu viazi kwenye kiroba.

Mimi sikumzaa. Ndiyo maana
kabla sijafagia nywele
mama mkwe alikwisha kusema uani:
"Ni mwiko huo."
Majirani wakautazama mwiko wangu ukutani,
nao ukaonekana mzito kuliko ulivyo.

Duka la dawa likatupa vidonge vya jipu.
Jipu halikuiva.
Mwezi wa pili likatoboka lenyewe,
likatoa kama maziwa yaliyokatika,
na tundu likakataa kufunga.
Ikaja mizizi, zikaja sala, ikaja barua
ya mwenyekiti wa kitongoji: mama wa kambo afike ofisini.
Sikufika.
Nilipanda lori la viazi na mtoto wangu,
juu ya magunia, hadi Mbeya.

Haule wa eksirei akamwambia, "Usipumue."
Ambwene maana yake ameniona;
mashine ikagonga mara moja, ikamwona.
Fuvu jeupe, na pembeni shimo la mviringo,
kama kibuyu kilichotobolewa pa kupitisha kamba.
Nilisubiri waseme ufa.
"Kipigo huacha ufa," alisema Daktari Mng'ong'o,
kalamu yake ikizunguka ukingo wa shimo.
"Hapa pameliwa. Polepole, tena kwa muda."

Wakavuta usaha kwa sindano.
Siku mbili kwenye benchi la korido,
ndizi za kuchoma, chai ya kukopa.

"Ni kifua kikuu."
Daktari, nikasema, mtoto anaumwa kichwa.
"Jina ndilo limekosea mlango, mama.
Ugonjwa husafiri na damu, hushuka kituo chochote, hata mfupani."
Kisha akauliza, bila kuinua macho:
"Nyumbani nani anakohoa?"

Kikohozi kile nakijua
kama ninavyojua mlango wetu unavyolia:
saa kumi alfajiri, jikoni, kando ya moto,
pale Ambwene anapolala kwa sababu ya baridi,
kichwa mapajani mwa bibi yake.
Miezi minne nilikuwa nimetamani jina la kulitaja.
Nikalitaja. Halikuwa na utamu wowote.

Walimfungua kidogo, wakatoa kipande cha mfupa mfu
chembamba kama kucha.
Vilivyobaki vikawa vidonge: miezi kumi na miwili,
alfajiri, kabla ya uji.
Wiki ya kwanza aliwaita wenzake nyuma ya choo
waone anavyokojoa soda ya chungwa.

Sasa hujipanga wawili, yeye na bibi,
maana makohozi ya bibi nayo yalijibu.
Mimi ndiye mshika kikombe, mimi ndiye nawekea alama kadi.
Mwiko upo pale pale; naupikia.
Nywele zimeota kote isipokuwa duara
la ukubwa wa sarafu ya mia.

Bibi hajaniomba radhi.
Ila juzi, alipomeza,
alinirudishia kikombe kwa mikono miwili.